TULIVYOLALA KWENYE JIWE LA MUGERE

Tangu turudi kutoka likizo ya Pasaka mmetuuliza sana, kwenye bomba la maji, siku ya mgao, hata kanisani: "Walimu, mlikwenda wapi siku zote zile? Na ni kweli mlilala kwenye gari?" Ndiyo, ni kweli. Tumeona afadhali tuandike mara moja msome wote, kuliko kueleza nyumba kwa nyumba, maana kila tukieleza habari inaongezeka chumvi na karibu tutaambiwa tulivuka ziwa kwa kuogelea.

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi. Mwalimu mwenzetu wa darasa la pili alikuwa anaolewa Rumonge na kijana wa kwetu, mvuvi. Baba yake hayupo tena, na wajomba wako ng'ambo ya ziwa. Basi sisi walimu wenzake watano, pamoja na shangazi yake, ndio tukawa ukoo wa bibi harusi. Tuliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukapewa siku saba, kuanzia Alhamisi mpaka Jumatano ya pili yake, na saa ya kurudi ikaandikwa: saa kumi na moja jioni. Mwenye kuishi kambini anajua maana ya saa hiyo. Ukichelewa, safari nyingine utaisikia kwa wenzako.

Gari lilikuwa Hiace ya zamani, ya mzee mmoja mzaliwa wa Rumonge. Viti vya nyuma viling'olewa zamani kwa ajili ya kubeba madumu ya mawese, na harufu yake haijatoka mpaka leo. Pale nyuma tuliweka godoro la bibi harusi, sufuria mbili, jiko la makaa, na shitingi ya kufunika mizigo. Tumesikia Ulaya kuna watu wanasafiri na magari yenye kitanda na jiko ndani, wanasimama popote wanapopenda. Letu nalo lilikuwa na kitanda na jiko. Tofauti ni kwamba jiko letu likiwaka lazima milango yote iwe wazi.

Kabla hatujaondoka, watoto wa darasa la sita walitupa maswali. Walisikia kwamba tutapita kwenye ziwa, na kwamba njiani kuna lile jiwe la Livingstone na Stanley ambalo tumewafundisha kwenye historia. Kila mtoto aliandika swali lake kwenye kipande cha karatasi. Mengine yalitufanya tucheke: "Je, maji ya ziwa ni ya chumvi?" Jingine: "Nani aliwapikia hao Wazungu?" Na karatasi tisa, tulizihesabu, ziliuliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Mwalimu, ukisimama pale kwenye jiwe, kwetu kunaonekana?"

Hawa ni watoto wa watu wa Uvira, Makobola, Mboko, Baraka, Fizi. Baba zao na babu zao ni watu wa ziwa. Lakini watoto wenyewe wamezaliwa kwenye vilima, maji wanayoyajua ni ya bomba na ya mvua. Ukiwaambia ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, na kwamba kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, wanaandika kwenye daftari, lakini machoni unaona hawakuamini. Ndiyo maana hayo maswali tuliyafunga kwenye mfuko wa plastiki tukayabeba kama barua.

Tulikwenda kwa njia ya juu: Ruyigi, Gitega, halafu Rutovu, kule kwenye ile piramidi ndogo ya mwaka 1938 inayoonyesha chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile. Hatukusimama kuiona, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga na dereva alikuwa anaomba Mungu kwa sauti kwenye kila kona. Baada ya Bururi barabara inaanza kushuka, unashuka, unashuka, masikio yanaziba, hewa inakuwa ya joto, na ghafla mbele yenu hakuna kilima tena. Kuna maji tu. Wawili kati yetu tulivuka ziwa lile tukiwa wadogo, tumebebwa mgongoni, hatukumbuki kitu. Mmoja wetu alizaliwa Gasorwe, hakuwa ameliona kamwe. Gari zima likanyamaza. Shangazi ndiye aliyesema, "Mmenyamaza nini? Ni ziwa lenu."

Rumonge ni mji wa kusikia Kiswahili kuanzia stendi mpaka sokoni. Siku ya kwanza tulizoea kusalimia "Amahoro" na watu wakatujibu "Karibuni, habari za safari?" Sokoni kuna mawese kwenye madumu ya njano yaliyopangwa kama matofali, kuna ngazi mbichi kwenye vikapu, kuna mukeke wa kuchoma, na ndagala wameanikwa mchangani na juu ya vichanja, wanang'aa kama misumari mipya. Sisi tunasema ndakala, wao ndagala, lakini kwenye sahani hawana ugomvi. Usiku wavuvi wanatoka na taa, na ukisimama ufukoni utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Asubuhi kukiwa safi, ng'ambo unaona Ubwari, ule mkono wa nchi unaoingia ziwani. Nyuma yake ndiko Baraka. Mvuvi mmoja alituambia bila hata kugeuka, kama mtu anayeonyesha duka la jirani: "Kwenu ni pale."

Ziwa lenyewe limekaribia nyumba kuliko zamani. Mwaka 2024 maji yalipanda sana pande zote za ziwa, na kwenye mitaa ya ufukoni mwa Rumonge yaliingia majumbani. Tuliona kuta zilizobaki zimesimama ndani ya maji, na mwembe mmoja umekauka katikati ya mawimbi. Watoto walikuwa wanaufunga mitumbwi.

Harusi hatutaieleza sana, maana mwenyewe atakuja kutembea na picha. Ilikuwa nzuri, mahari ilielewana, chakula kilitosha, na shangazi aliimba mpaka sauti ikaisha. Tunachotaka kuwaeleza ni habari ya baba aliyetukaribisha nyumbani kwake, kwa sababu wengi wenu itawagusa.

Huyo baba ni Mrundi, na aliwahi kuwa mkimbizi muda mrefu kuliko sisi. Tarehe 29 Aprili 1972 mapigano yalianza huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na baada yake yakaja mauaji makubwa nchi nzima. Watu walikimbilia Tanzania, Rwanda, na kwetu, ambako wakati ule kuliitwa Zaire. Yeye alikuwa mtoto. Alikulia Tanzania kwenye makazi ya wakimbizi, akaoa huko, akazaa huko. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliorudi. Alipofika alikuta kwenye shamba la baba yake kuna familia nyingine, na michikichi aliyopanda baba yake inavunwa na watu ambao nao walizaliwa pale pale, hawajui kwingine. Kesi za namna hiyo zilijaa Rumonge nzima, na tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikuwa na kazi ya kuzisikiliza. Zake zilimalizika kwa kugawana. Mistari ya juu ya michikichi ni yake, ya chini ni ya wale wengine. Tulimwuliza kama ameridhika. Alisema, "Kuridhika sijui. Lakini binti yao ndiye aliyenichotea maji nilipougua." Kisha akatuuliza jambo ambalo hatukuwa na jibu lake: "Na ninyi, mashamba yenu mmeyaandika mahali? Mpaka wake, mti uliopo, jina la jirani? Mimi baba alikufa na hayo yote kichwani."

Wazazi wetu, swali hilo tumelibeba mpaka huku. Kwenye darasa la jioni tuko tayari kumwandikia mzee yeyote anayetaka. Njooni na kumbukumbu zenu, kalamu tunayo.

Jumapili tulitaka kuondoka. Hapo ndipo tulipogundua kwamba Rumonge ina mafuta ya kila aina isipokuwa ya gari. Mawese tele, ya rangi ya machungwa, ya rangi ya damu, ya kula, ya sabuni. Petroli hakuna. Mnajua wenyewe jinsi Burundi ilivyosumbuka na jambo hili miaka ya karibuni. Dereva aliweka Hiace kwenye foleni, nasi tukahamia ndani yake na vyombo vyetu. Tulilala usiku wa Jumapili na usiku wa Jumatatu, wanawake juu ya godoro, wanaume kwenye viti, miguu dirishani. Mvua ikija tunavuta shitingi. Mchana tunapika ndagala kwenye jiko la makaa kando ya foleni, na wenye magari mengine wakileta ugali wao tunaunganisha. Kusema kweli tulinenepa. Ila kila jioni tulikuwa tunatoa ile karatasi ya ruhusa na kuitazama, kama vile tarehe itabadilika.

Jumanne asubuhi dereva alipata lita ishirini. Hatukumwuliza alizipata wapi. Akasema kupanda Bururi na gari hili, kwenye matope, na lita ishirini, ni kutafuta kulala porini. Tutapita barabara ya ziwa, namba 3, mpaka Bujumbura, huko atapata mengine kwa ndugu yake, halafu Bugarama, Gitega, Ruyigi. Sisi moyoni tukashukuru, kwa sababu barabara ya ziwa ndiyo ya jiwe.

Kutoka Rumonge mpaka Bujumbura ni kama kilomita 75. Kushoto maji, kulia milima, na mahali pengine nafasi kati ya mlima na maji ni barabara tu. Tulipita Minago, tukapita Magara. Gitaza tulipita polepole. Mwaka 2015, mwezi wa tatu, mlima uliporomoka pale ukafunika barabara na nyumba, na mpaka sasa watu wa huko mvua ikizidi hawalali vizuri. Alasiri tukafika Mugere, karibu kilomita 12 kabla ya Bujumbura.

Dereva hakutaka kusimama. "Walimu, ni jiwe. Kwenu hakuna mawe?" Shangazi ndiye alimwambia, "Baba, watoto wametuma barua." Akasimama.

Jiwe liko juu ya barabara, mahali pa mwinuko pa kutazama ziwa. Ni mwamba mkubwa wa kijivu, umekaa kwenye majani kama tembo aliyelala. Limechongwa majina mawili, LIVINGSTONE na STANLEY, na chini yake tarehe: 25-XI-1871. Basi. Hakuna sanamu, hakuna dhahabu. Mmoja wetu alisema, "Ni hili tu?" Lakini tulikaa nalo, na kadiri tulivyokaa likaanza kusema.

Kijana mmoja wa pale alikuja mbio kutueleza. Alieleza vizuri sana, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili pamoja, kwamba hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone baada ya kumtafuta miaka mingi. Watu wengi wanasema hivyo, hata Bujumbura mjini. Lakini jiwe lenyewe linakataa. Wawili hao walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, kule kwenye mkoa wa ndugu zetu wa Nyarugusu. Stanley kwenye kitabu chake aliandika tarehe 10 Novemba 1871. Hapa Mugere ni tarehe 25, majuma mawili baadaye. Walikuja pamoja kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakielekea kaskazini, wakalala hapa siku mbili, kuanzia tarehe 25 mpaka 27, wageni wa chifu Mukamba. Kijana alisikiliza, akafikiri kidogo, akasema, "Sawa, lakini nikiwaambia watalii kwamba walilala tu, nani atanipa kitu?" Tulimpa kitu kidogo, maana alikuwa na haki.

Sasa walikuwa wanatafuta nini? Hapa ndipo pazuri kwa watoto. Wazungu wakati ule walikuwa wanabishana chanzo cha Nile kiko wapi, na wengine walidhani ni ziwa letu hili. Jambo la kujua lilikuwa moja: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Ukitoka, huenda ukawa Nile. Ukiingia, kesi imekwisha. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, na wenyeji wakawaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani, ila hawakufika mdomoni mwa mto kujionea. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley, siku chache baada ya kulala Mugere, walifika kwenye mdomo wa Rusizi na kuona kwa macho: unaingia. Yaani jambo ambalo mtoto yeyote wa Kavimvira anayechunga mbuzi angewaambia bure.

Maji hayo yanatoka ziwa Kivu, yanapita Bukavu, yanashuka na Rusizi, yanaingia Tanganyika, halafu yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga mpaka mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Tulipowachorea watoto ubaoni, mmoja akasema, "Kumbe maji yanarudi Kongo." Ndiyo, mwanangu, na hayaombi karatasi ya ruhusa.

Tuliyafungua maswali pale pale, tukakaa chini ya jiwe tukayasoma moja moja. "Nani aliwapikia?" Walikuwa na mpishi wao, anaitwa Ferajji. Mkalimani wa Stanley aliitwa Selim. Kuna watu waliopiga makasia siku nzima juani, na waongozaji waliojua wapi pana wenyeji wema na wapi upite usiku. Mkuu wa askari wa Stanley kwenye safari ile kutoka pwani alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India. Na wale watu wa Livingstone, Abdullah Susi na James Chuma, ndio ambao bwana wao alipokufa mwaka 1873 huko Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, waliubeba mwili wake na wenzao kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukafika mwezi wa Februari 1874. Miezi tisa na maiti begani. Jiwe halina jina hata moja la hao, wala la chifu Mukamba aliyewapa mahali pa kulala. Shangazi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la tatu, alilizunguka lote, akapapasa upande wa nyuma, akauliza, "Hao wengine wameandikwa huku?" Tukamwambia hapana. Akasema, "Basi nafasi ipo."

Stanley huyo ana historia yake. Alizaliwa Wales, jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands, akalelewa kwenye nyumba ya maskini, akaenda Marekani akajipa jina jingine. Alitumwa Afrika na gazeti la New York Herald. Mtoto asiye na wazazi, aliyebadilisha jina ugenini: angeishia hapo tungemwonea huruma. Lakini kuanzia mwaka 1879 alirudi Kongo kwa kazi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, akafungua vituo, akasainisha machifu mikataba ambayo hawakuijua, na tunayafahamu yaliyofuata. Kisangani iliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Kati yetu kulikuwa na ubishi kama tulipaswa kupiga picha na jina lake. Wawili walikataa. Wengine tulipiga, lakini kwa upande wa Livingstone.

Baadaye tulifanya kazi tuliyotumwa. Tuliweka karatasi kubwa juu ya maandishi, mmoja akashika juu, wawili pembeni, tukasugua na kipande cha makaa ya lile jiko letu. Herufi zikatokea moja moja, nyeupe kwenye weusi. Ile XI watoto wasije wakaisoma "ksi", ni kumi na moja ya Kirumi.

Ikabaki zile karatasi tisa.

Ng'ambo hakukuonekana kitu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka majini, Kongo yote imefunikwa kama kitu kilichofichwa makusudi. Tulingoja nusu saa. Dereva akaanza kupiga honi. Hesabu yake ilikuwa ya haki: kesho saa kumi na moja jioni lazima tuwe getini, mafuta ya Bujumbura si ya hakika, na barabara ya Bugarama ina malori. Akasema twende Bujumbura tukalale huko, asubuhi tuwe wa kwanza. Sisi wengine tuliona ana akili. Mwalimu wa hesabu alisema tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi kutoka hapa hapa bado tunafika, gari lisipoharibika. Mwingine akasema, "Na likiharibika?" Tukabishana kweli, kwa sauti, kwa sababu wawili kati yetu walikuwa na barua za kwenda kufanya mtihani wa taifa, na wakinyimwa ruhusa nyingine ni mwaka mzima umepotea.

Shangazi hakuingia kwenye ubishi. Alikuwa ameshatandika kitenge chake chini ya jiwe.

Tukalala. Tulikwenda kwanza kwa mkuu wa kilima kujieleza na kuonyesha karatasi zetu. Alizisoma zote mpaka mihuri, akatuambia tusogeze gari karibu na nyumba za watu, na akatuma mtoto na ndizi za kuiva. Mvua ikaja saa moja, kubwa, tukajifungia sita ndani ya Hiace na harufu ya mawese, hatuoni hata jiwe lenyewe.

Saa tatu hivi ilikatika mara moja. Tukatoka na viatu mkononi. Hewa ilikuwa imeoshwa. Kwanza tuliona taa za wavuvi chini, halafu nyuma yake weusi mrefu wa milima, na chini ya milima, kulia, mstari wa taa. Uvira. Shangazi akasimama akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka kulia: "Ile ni Kavimvira. Pale Mulongwe. Hapo taa zimekusanyika, nadhani ni bandarini, Kalundu." Sisi tulinyamaza. Tulifikiria mwezi wa Februari 2025, maelfu ya watu walivyovuka Rusizi na magodoro kichwani, na Desemba ya mwaka huo huo vita vilipofika Uvira yenyewe, na wengine wengi wakavuka tena. Wengine wao ndio majirani zetu wapya. Zile taa zilikuwa haziwaelezi chochote. Zilikuwa zinawaka tu.

Kidole cha shangazi kikapita Kalundu kikaendelea kushoto, kule ambako hakuna taa hata moja. Kikasimama gizani.

"Na pale?" tukamwuliza.

"Pale ni kwetu, Makobola. Umeme haujafikaka. Ndiyo maana hamukuoni."

Alikaa pale mpaka mawingu yakarudi. Hatukumwita.

Asubuhi gari liliwaka kwa kusukumwa. Bujumbura ndugu wa dereva alikuwa na mafuta, lakini si yote tuliyotaka. Bugarama lori lilikuwa limelala barabarani, tukapoteza saa moja na nusu tukila karoti. Gitega saa nane. Getini saa kumi na moja kasoro dakika nane, na mlinzi akasema tumewahi.

Watoto wa darasa la sita wameshapata majibu yao. Maji ya ziwa si ya chumvi: tulileta chupa mbili, tukazichemsha kwanza, kwa sababu kipindupindu cha pwani ya ziwa hakichezewi, na kila mtoto akaonja kijiko kimoja. Wengi walisema hayana ladha. Mmoja alisema yana ladha ya samaki, nasi tunajua hiyo ni sufuria. Wale tisa tuliwaambia: ndiyo, kunaonekana, usiku, mvua ikikatika, na sehemu zisizo na umeme mtu wa kule lazima akuonyeshe kwa kidole. Shangazi amekubali kuja darasani Ijumaa saa tatu kuwaeleza mwenyewe.

Ile karatasi ya jiwe imebandikwa kwenye ukuta wa darasa la sita. Chini yake watoto wamebandika nyingine, wameandika Ferajji, Selim, Bombay, Susi, Chuma, Mukamba, na wameacha mistari mitupu. Mzazi yeyote anaweza kuja kuitazama Jumamosi asubuhi. Ila tafadhali, anayetoka jikoni anawe mikono kwanza. Makaa yanafutika, na kuna mtu tayari ameweka kidole cha mawese juu ya jina la Stanley.